Andika kwa Ajili ya Anayetaka Kusema Hapana: Mwongozo wa Kujenga Hoja

Barua ya kwanza niliyoandika kwa niaba ya majirani zangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, ilikuwa na kurasa nne. Nilikuwa mwalimu kijana, chuo bado kinaninukia, na nilitaka kila neno lionekane limesoma. Ilianza na "tuna heshima kubwa ya kuja mbele ya wema wako usio na kifani", ikazunguka kwenye historia ya karitye, yaani mtaa wetu, tangu enzi za wazee, ikagusa Biblia mara mbili, ikafunga kwa methali. Karani aliyeipokea aliisoma amesimama. Aligeuza ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza, kisha akaniangalia bila ubaya wowote: "Mwalimu, barua ni muzuri sana. Lakini munataka nini?"

Tulichotaka kilikuwa ukurasa wa tatu, katikati ya sentensi yenye mistari saba.

Siku hizi watu huja nyumbani kila Jumamosi na shida zao, nami naandika. Katikati ya wiki nafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanaojiandaa kwa disertasyo, yaani insha ya hoja, ya mtihani wa serikali. Kwangu kazi hizo mbili ni moja, kwa sababu zote zinaelekezwa kwa mtu ambaye hana haja ya kukubaliana nawe, mwenye rundo la karatasi nyingine mezani, na ambaye neno lililo jepesi zaidi kinywani mwake ni hapana. Hoja hujengwa kuanzia kwenye hapana hiyo. Wengi huijenga kuanzia kwenye uchungu wao wenyewe, ndiyo maana haifiki.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga kwa ajili ya darasa, kwa hiyo usilitafute soko lenyewe. Kuna soko dogo lenye meza sitini kando ya barabara. Nyuma ya meza unapita mfereji wa maji ya mvua, kanivo kama tunavyouita, nao umejaa taka. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili, na ikinyesha kubwa, maji yanapanda mpaka kwenye mifuko ya wauza unga. Mama mmoja anakuja kwangu: "Mwalimu, tuandikie barua kwa burgumesta. Bunga yetu inaharibika." Burgumesta ndiye mkuu wa komini, yaani sehemu ya mji yenye utawala wake.

Hatua ya kwanza: msikilize anayekataa kabla hajakataa

Sishiki kalamu. Namuuliza mama: tukimpelekea burgumesta ombi hili leo, atajibu nini? Mwanzoni hujibu, "Hatatusikiliza tu." Hilo halisaidii. Nasisitiza: atasema maneno gani? Baada ya muda yanatoka. Atasema komini haina pesa. Atasema taka hizo ni zenu wenyewe. Atasema kuna masoko makubwa yenye shida kubwa kuliko yenu.

Yaandike hayo matatu kwenye karatasi, kwa maneno yake, bila kuyapotosha. Wanafunzi wangu hukosea hapa: humtungia mpinzani mjinga, kisha wanamshinda. Mpinzani wa majani makavu ukimpiga anaanguka, lakini yule wa kweli bado amekaa ofisini kwake. Ukiona upande wa pili hauna hata sababu moja yenye akili, bado hujauelewa. Rudi ukaulize.

Orodha hiyo ndiyo ramani yako. Kila utakachoandika kiwe kinajibu mojawapo ya hayo matatu. Kisichojibu chochote, hata kiwe kitamu namna gani, kitakatwa baadaye.

Hatua ya pili: dai moja, kwa sentensi moja

Dai ni kile unachotaka msomaji akubali au afanye. "Hali ya usafi sokoni ni mbaya" ni malalamiko. Burgumesta anaweza kuitikia kwa kichwa, akakubaliana nawe kabisa, na asifanye lolote. Linganisha na hili: "Tunaomba lori moja la komini kwa siku mbili, kabla ya tarehe 25 Oktoba, libebe taka ambazo sisi wenyewe tutazitoa mferejini." Hapo kuna kitu cha kukubali au kukataa. Kuna tarehe, na kuna ukubwa: lori moja, siku mbili.

Ukubwa wa dai ndio mahali hoja nyingi zinapopasukia. Chukua ubishi unaousikia kila wiki kwenye vibanda vya Kamalondo. Mmoja anasema TP Mazembe ni timu kubwa kuliko zote Afrika. Ushahidi wake: imechukua ubingwa wa Afrika mara tano, 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Shabiki wa Lupopo, timu nyingine ya hapa Lubumbashi, hahitaji hata kusimama. Anasema tu, "Al Ahly wanayo zaidi ya kumi," na mazungumzo yamekwisha. Mwenzetu alikuwa na ushahidi mzuri chini ya dai lililomzidi kimo. Angesema kwamba Mazembe ndiyo timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu, Desemba 2010, kule Abu Dhabi, hata yule wa Lupopo angebaki kukumbusha tu kwamba Inter waliwafunga tatu bila. Sawa, walifungwa. Dai linabaki limesimama.

Kwa hiyo kata dai mpaka litoshane na ulicho nacho. Maneno ya kuogopa ni "wote", "kila", "kamwe" na "daima". Ukiandika kwamba manseba, yaani madereva wa pikipiki za abiria, wote wa mjini huendesha pikipiki vibaya, manseba mmoja tu anayesimama kwenye taa nyekundu ameshakubomolea ukurasa mzima.

Hatua ya tatu: ushahidi hutafutwa kwa miguu

Mama akisema "bantu bote banalalamika", namwambia anieleze ni akina nani, lini, na walipoteza nini. Kisha nampa daftari na kumrudisha sokoni. Wiki moja baadaye anarudi na mambo yanayoweza kushikwa: tarehe ambazo maji yalipanda kati ya Januari na Machi, mifuko iliyolowa, siku ambazo soko lilifungwa. Meza nane zinauza unga. Wenye meza wameweka saini. Kijana mmoja alipiga picha kwa simu siku ya mvua, ndoo ya kilo tano inaelea kati ya meza.

Kuna ushahidi wa aina tatu katika barua za kawaida: ulichokihesabu, alichokiona mtu anayeweza kuulizwa, na kilichoandikwa mahali kinapoweza kusomwa, kama sheria au risiti. Nausikiliza wa kwanza kwanza. Namba ndogo uliyoihesabu mwenyewe ina nguvu kuliko namba kubwa uliyoisikia redioni, kwa sababu ukiulizwa "umeipata wapi?" unafungua daftari.

Na usirundike. Ukiwa na mambo tisa, matatu yana uzito na sita yanasindikiza. Msomaji anayekataa atachagua lile dhaifu kuliko yote, ajibu hilo, na kukurudishia barua.

Hatua ya nne: daraja

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami niliiruka kwa miaka. Stephen Toulmin, mwanafalsafa Mwingereza, alieleza mwaka 1958 kwamba kati ya ushahidi na dai kuna kitu cha tatu, yaani kanuni inayokuruhusu kutoka huku kwenda kule, na kwamba mara nyingi mwandishi haisemi kwa kuwa anadhani kila mtu anayo. Mimi naiita daraja. Darasani tunalipima kwa maneno mawili ya mtaani: "Na kisha?"

Unga ulilowa. Na kisha? Mama alipata hasara. Na kisha? Hapo darasa hunyamaza, kwa sababu kwao hasara ya mama ni mwisho wa hoja. Kwa burgumesta bado si mwisho. Anamwonea mama huruma, lakini huruma haimwambii kwa nini lori liende huko na lisiende kwingine. Endelea kuuliza. Siku soko linapofungwa, anayekusanya ushuru wa meza hurudi mikono mitupu. Na kisha? Komini inapoteza ushuru wa meza sitini kila siku ya namna hiyo, na lori la siku mbili linazuia siku hizo kujirudia.

Sasa umefika kwenye ardhi yake. Daraja zuri huishia kwenye jambo ambalo msomaji alikuwa analijali kabla hujamwandikia. Ungekuwa unamwandikia mganga wa zahanati, daraja lingepita kwenye maji machafu na kuhara. Ungekuwa unamwandikia padri, lingepita kwingine tena. Ushahidi ni ule ule.

Angalia pia daraja bovu. "Tangu duka lile la ghorofa lijengwe, maji yanafurika, kwa hiyo duka ndilo linaloleta maji." Huenda ni kweli. Lakini jambo kuja baada ya jingine hakulifanyi kuwa mtoto wake. Waulize wazee kama maji hayakuwa yakipanda kabla ya ghorofa. Na tabia ya kumshambulia mtu badala ya neno lake ("huyo burgumesta anakula tu") iache kabisa. Hata ukiwa na haki, umemwomba lori mtu uliyemtukana.

Hatua ya tano: kubali kilicho kweli

Rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza. "Taka hizo ni zenu wenyewe." Mama hakupenda niliposema tuliandike hilo ndani ya barua. "Mwalimu, sasa unatufunga sisi!" Nikamuuliza: ni uongo? Akacheka. Maganda ya mihogo hayakutoka mbinguni.

Pingamizi la kweli lina njia mbili za kuingia katika barua yako. Unaweza kulitaja mwenyewe, au atalitaja msomaji ukiwa haupo. Ukilitaja mwenyewe unapata nafasi ya kusema kinachofuata: "Ni kweli kwamba sehemu ya taka inatoka mezani kwetu. Tangu mwezi uliopita tumeweka mapipa matatu na tumechagua akina mama wawili wa kuyasimamia." Sasa pingamizi limekwisha kazi yake, tena limekujengea jina: huyu anayeandika anajijua, huenda na mengine anayosema ni ya kweli.

Utaratibu wangu ni huu: kubali kwanza kwa sentensi fupi, bila "lakini" ndani yake, weka nukta, kisha jibu kwa tendo au kwa namba. Ile "lakini" inayokuja haraka hufuta ukubalifu wote, na msomaji anaisikia.

Kama pingamizi ni kweli na huna jibu, punguza dai. Pesa hazipo? Basi usiombe mfereji mpya wa siminti. Omba lori, nguvu za mikono zitoke kwenu kwa salongo, yaani kazi ya pamoja, ya Jumamosi.

Neno kwa wanaojiandaa na mtihani. Shuleni tumefundishwa kauli, kauli pinzani, kisha muungano, na muungano ndipo wengi wanapolala. Swali likiwa "Je, wanafunzi waruhusiwe kuja na simu shuleni?", karatasi thelathini kati ya arobaini zitamalizia kwamba kila kitu kina uzuri na ubaya wake. Hilo nalifuta kwa kalamu nyekundu, maana mtu angeweza kuliandika bila kusoma swali. Muungano unatakiwa useme ni kwa sharti gani upande huu una haki, na ni kwa sharti gani ule. Simu izimwe darasani kwa sababu hizi. Iruhusiwe saa ya mapumziko kwa wa mwaka wa mwisho, kwa sababu vitabu vya maandalizi ni vichache na wengi huvisoma humo. Huo ni msimamo. Mtu anaweza kuupinga, na hiyo ni dalili nzuri.

Hatua ya sita: lugha yenyewe

Kiswahili kinabeba uzito wa hoja ndani ya vitenzi, na ukikosea kiambishi umedai jambo jingine. Tazama.

"Maji hufurika sokoni." Umedai ni desturi. Msomaji akikumbuka mvua moja ambayo maji hayakufurika, umeshindwa.

"Maji yanafurika sokoni." Sasa hivi? Nje kuna jua.

"Kati ya tarehe 8 Januari na tarehe 22 Machi maji yalifurika sokoni mara tano." Hili halikanushwi ila na mtu aliyekuwepo na mwenye daftari lake.

"Mfereji usiposafishwa, maji yatafurika tena." Utabiri wenye sharti, na sharti lenyewe liko mikononi mwa msomaji. Hii naipenda kwenye aya ya mwisho. Linganisha na "mfereji ungesafishwa mapema, hasara hii isingetokea": ni kweli, lakini hapa -nge- inaangalia nyuma na kunyooshea kidole. Itumie ukiwa mahakamani, usiitumie ukiomba lori.

Jambo la pili ni vitenzi visivyo na mwenyewe. "Taka zinatupwa." Na nani? "Hatua zinapaswa kuchukuliwa." Na nani, lini? Kila unapoona sentensi ya namna hii, tafuta mtendaji umrudishe. Ukiona aibu kumtaja, hapo ndipo penye jambo.

Halafu methali. Sisi tunazipenda, na mzee akisema moja barazani ubishi unaweza kuisha. Kwenye karatasi ubishi hauishi. Ukiandika "ngoja ngoja huumiza matumbo" ili kumharakisha burgumesta, yeye anayo "haraka haraka haina baraka", na mko sare. Karibu kila methali ina ndugu yake wa upande wa pili. Methali ni chumvi. Weka kidogo, lakini usimpe mgeni sahani ya chumvi ukamwambia ndiyo bukari, yaani ugali.

Kuhusu Kifaransa: ofisi zetu huandikiana kwa lugha hiyo, maana Katiba ya Kongo inakiita lugha rasmi, ilhali Kiswahili kimo kati ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Ikibidi barua iende kwa Kifaransa, iende. Lakini ijenge kwanza kwa lugha unayogombania nayo nyumbani. Nimeona hoja nyingi zikianza moja kwa moja kwa Kifaransa cha heshima, na kile kipambo cha "wema wako usio na kifani" kikameza mahali pa kusema jambo.

Hatua ya saba: panga, kisha soma kwa sauti

Ombi likae ndani ya mistari mitatu ya kwanza. Ushahidi ulio mzito ufuate, na daraja lake. Pingamizi likae katikati, ambako halionekani kama kuomba radhi wala kama ugomvi. Mwisho uwe tendo na tarehe. Hivi ndivyo barua yetu ilivyotoka:

"Mheshimiwa Burgumesta,

Sisi wenye meza sitini za soko tunaomba lori moja la komini kwa siku mbili, kabla ya tarehe 25 Oktoba, libebe taka tutakazozitoa wenyewe katika mfereji ulio nyuma ya soko.

Kati ya tarehe 8 Januari na tarehe 22 Machi maji yalifurika mara tano. Meza nane za unga zilipoteza jumla ya mifuko kumi na moja ya kilo 25. Siku nne kati ya hizo tano soko lilifungwa, na ushuru wa meza haukukusanywa.

Ni kweli kwamba sehemu ya taka inatoka mezani kwetu. Tangu mwezi Agosti tumeweka mapipa matatu, na akina mama wawili wanayasimamia.

Tunajua komini ina mahitaji mengi. Kwa hiyo hatuombi wafanyakazi wala siminti. Watu arobaini wameshaandika majina kwa salongo ya Jumamosi mbili. Tunachokosa ni chombo cha kubebea.

Mfereji usiposafishwa kabla ya Novemba, maji yatarudi. Wajumbe wetu watatu watafika ofisini kwako Jumatatu ijayo kupokea jibu au maswali."

Ukurasa mmoja, na hakuna neno lililobaki bila kazi. Nilikuwa na aya kuhusu watoto wanaocheza kwenye maji hayo, nayo iliniuma kuikata. Lakini haikujibu lolote kati ya yale matatu, na ingefungua mazungumzo mengine.

Sasa isome kwa sauti mbele ya mtu ambaye hayumo katika jambo, muuza vocha au shemeji aliyepita kusalimia. Usimuulize kama ni nzuri. Atasema ni nzuri. Muulize hawa watu wanataka nini, na kwa nini wapewe. Akikwama, alama iweke mahali alipokwama, urekebishe hapo hapo. Wewe mwenyewe ukikosa pumzi katikati ya sentensi, ikate.

Hatua ya nane: ifikishe

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili igongwe muhuri, iandikwe tarehe na namba ya kupokelewa, urudi nayo. Usiondoke bila muhuri, hata ukiambiwa anayeushika amekwenda kula. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2006 inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake. Mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeruhusiwa kushtakiwa kwa sababu ya kuandika. Miezi hiyo unaihesabu kuanzia ile tarehe ya kupokelewa.

Piga picha nakala yenye muhuri, itume kwa watu wasiopungua wanne, maana daftari la mtu mmoja huibwa, hulowa, au huhama naye kwenda Kolwezi. Andika kwenye kalenda siku ambayo miezi mitatu inaisha. Ikifika bila jibu, barua ya pili iwe fupi kuliko ya kwanza: namba na tarehe ya ile iliyotangulia, ombi lile lile kwa maneno yale yale, na kilichotokea sokoni tangu hapo, kwa tarehe.